Maji Yanayobebwa na Gimba: Historia ya Hitilafu Moja katika Uigaji wa Kompyuta na Swali la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya dhana moja ya fizikia ya maji, ambayo humu tunaiita masi ya nyongeza, tangu majaribio ya Du Buat yaliyochapishwa mwaka 1786 hadi programu za kompyuta za karne hii. Hoja yake ni kwamba hitilafu inayowasumbua wengi wanaoiga kwa kompyuta mwendo wa gimba lililozama na kuachwa huru ilichelewa kutambuliwa ingawa sayansi yake ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilikuwa imeandikwa kwa jina jingine na katika taaluma nyingine. Kwa msingi huo, makala yanahoji desturi ya kuunda istilahi za Kiswahili kwa kutafsiri jina peke yake na kuyaacha masharti ya dhana.

Utangulizi

Mtu anayeiga kwa kompyuta mwendo wa boya jepesi lililoachwa chini ya maji hutarajia kuliona likipanda. Mara nyingi huona jambo jingine. Katika hatua ya kwanza ya hesabu boya huruka juu kwa mchapuko mkubwa kupita kiasi. Katika hatua ya pili hurudishwa chini kwa nguvu ileile, katika ya tatu hutupwa juu kwa nguvu zaidi, na baada ya hatua chache tarakimu huwa kubwa mno hata programu ikasimama. Mabaharia wa pwani yetu husema chombo kinakwenda mrama pale kinapolala upande huu kisha upande ule, na kutokana na mwendo huo ndipo tulipopata usemi wa leo wa jambo kuharibika. Ni nadra usemi kuafikiana na kisa kwa kiasi hiki.

Mwigaji aliyefikwa na mkasa huu hufanya kama alivyofundishwa. Hupunguza hatua ya muda. Hesabu huvunjika vilevile, na pengine mapema zaidi. Hukaza matundu ya wavu unaogawa maji katika vipande vya kuhesabiwa, haisaidii. Huanza kushuku kompyuta, kisha programu, kisha nafsi yake. Chanzo, hata hivyo, kilikwisha kupimwa nchini Ufaransa kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, na aliyekipima alitumia mipira iliyoning'inizwa kwa uzi ndani ya maji.

Huenda msomaji akauliza mtafiti wa lugha anatafuta nini katika mambo ya wahandisi. Jibu ni kwamba kisa hiki, kikitazamwa kwa muda mrefu wa kutosha, kinahusu namna maarifa yanavyopewa majina, yanavyosahauliwa kwa sababu ya majina hayo, na yanavyovumbuliwa upya kwa gharama. Nchi zetu ziko katika kipindi cha kuyapa maarifa ya namna hii majina ya Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike rasmi, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ukakipa hadhi ya lugha rasmi ya kazi. Istilahi zitakazowekwa sasa ndizo watakazorithi wanafunzi wa uhandisi watakaosoma kwa lugha hii, ikiwa kweli tunakusudia wasome kwayo.

Kutoka Du Buat hadi Stokes

Pierre Louis Georges du Buat alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa. Kazi yake ilihusu mifereji, mito na ngome, na kitabu chake cha kanuni za maji kilitoka mara ya kwanza mwaka 1779, kisha kikatoka tena mwaka 1786 kikiwa kimepanuliwa sana kwa majaribio mapya. Miongoni mwa majaribio hayo yalikuwamo ya pendulamu. Du Buat aliifanya mipira ya madini, kioo na mbao ibembee ndani ya maji, akapima muda wa kila mbembeo. Tangu siku za Newton ilijulikana kwamba maji hupunguza uzito wa kitu kilichozama, na kwamba kwa sababu hiyo pendulamu hubembea polepole zaidi. Du Buat alipofanya hesabu hiyo aligundua kwamba haitoshi. Mpira ulibembea polepole kuliko ilivyopasa, kana kwamba ulikuwa umebeba pamoja nao kiasi fulani cha maji, takriban sehemu sita kwa kumi ya maji ambayo mwili wake uliyaondoa mahali pake.

Alilieleza jambo hilo kwa picha ya mabaharia: kila gimba linalosogea majini lina omo yake ya maji na tezi yake ya maji, yaani maji yaliyo mbele na yaliyo nyuma yakisafiri nalo. Tunaweza kuitafsiri picha hiyo bila kuazima neno hata moja, kwa kuwa omo na tezi ni maneno ya vyombo vyetu tangu kale. Inapasa kusemwa pia kwamba picha hiyo, kwa uzuri wake wote, si sahihi. Hakuna donge la maji lililoshikamana na mpira. Maji yote yanayouzunguka huchapuka kidogo, ya karibu zaidi kuliko ya mbali, na jumla ya inesha yao huwa kana kwamba donge la kiasi fulani limebebwa. Du Buat alipata tarakimu inayokaribia ukweli kwa picha isiyo ya kweli, jambo ambalo katika historia ya sayansi si la ajabu.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Friedrich Wilhelm Bessel, mwanaastronomia wa Königsberg, alichapisha mwaka 1828 matokeo ya vipimo vyake vya pendulamu. Kusudi lake halikuwa maji hata kidogo. Alitaka kujua kwa usahihi mkubwa kani ya uvutano wa dunia katika mji ule. Alikuta kwamba hata hewa, kwa wepesi wake, huongeza inesha ya pendulamu, na kwamba marekebisho ya Newton peke yake huacha kosa. Bessel alilifikia hilo bila kuitegemea kazi ya Du Buat. Ilikuwa imechapishwa zaidi ya miaka 40 kabla, katika lugha iliyosomwa na kila msomi wa Ulaya; lakini ilikuwa katika kitabu cha wahandisi wa mifereji, na wapimaji wa uvutano hawakuwa na sababu ya kukifungua kitabu cha mifereji. George Gabriel Stokes, alipoandika makala yake makuu juu ya pendulamu na mnato, yaliyosomwa Cambridge mwezi Desemba 1850, ndiye aliyemrudishia Du Buat haki yake kwa kueleza kwamba kazi ile ilikuwa imepuuzwa.

Kati ya Bessel na Stokes wanahisabati walikwisha kulipata jibu la kinadharia. Poisson mwaka 1831, na George Green mwaka 1833, walionyesha kwamba kwa mpira unaochapuka ndani ya maji yasiyo na mnato na yasiyo na mipaka, nyongeza ni nusu kamili ya masi ya maji yaliyoondolewa. Tarakimu za Du Buat zilizidi nusu hiyo kwa sababu maji halisi yana mnato, na Stokes ndiye aliyelifafanua hilo.

Ipo kinaya hapa inayostahili kutajwa. D'Alembert alikuwa amethibitisha, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1752, kwamba maji yasiyo na mnato hayaweki ukinzani wowote kwa gimba linalosafiri kwa kasi isiyobadilika. Wahandisi waliichukua nadharia hiyo kuwa mchezo wa wanahisabati, maana kila mvuvi anajua kwamba maji hukinza. Nadharia hiyohiyo, ikiulizwa juu ya gimba linaloongeza au kupunguza kasi, hutoa jibu linalokaribia sana vipimo. Iliyodharauliwa kwa swali moja ilikuwa na jibu la swali la pili.

Gimba lililoachwa huru

Pendulamu ina uzi. Gimba lisilo na uzi lina uhuru wa kwenda mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto, na kuzunguka kwa njia tatu. Gustav Kirchhoff, mzaliwa wa Königsberg ile ile ya Bessel, alitoa mwaka 1869 milinganyo ya mwendo wa gimba la namna hiyo, huku William Thomson na Peter Guthrie Tait wakiwa wamekwisha kuifikia njia inayofanana na hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1867. Matokeo yake ni kwamba nyongeza si tarakimu moja. Ni jedwali la tarakimu sita kwa sita, ambalo kwa ulinganifu wake hubaki na tarakimu 21 zisizotegemeana. Sahani nyembamba inayosukumwa kwa ubapa wake hubeba maji mengi. Ikisukumwa kwa makali yake haibebi karibu chochote. Kwa hiyo swali la ni maji kiasi gani yamebebwa halijibiki kabla ya kujua gimba ni la umbo gani na linachapuka kuelekea wapi.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 dhana hii ilikuwa imekamilika, na kitabu cha Horace Lamb kikaifanya mali ya kila mwanafunzi wa taaluma hiyo. Wajenzi wa meli waliitumia kukadiria mrama. Baadaye wajenzi wa ndege za puto waliihitaji, kwa kuwa puto lina uzito unaolingana na hewa linayoiondoa. Wajenzi wa ndege za kawaida hawakuihitaji sana, maana bawa la chuma ni zito mno likilinganishwa na hewa iliyo kandokando yake. Msomaji aikumbuke tofauti hiyo ya mwisho. Hitilafu yetu inatoka humo.

Ushauri uliozaliwa angani

Hesabu za maji kwa kompyuta zilikua kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1965 Francis Harlow na Eddie Welch wa Los Alamos nchini Marekani walichapisha mbinu yao ya kuhesabu mwendo wa maji yenye uso huru kwa kuyagawa katika vijisanduku. Mwaka 1972 Charles Peskin aliingiza ndani ya hesabu za namna hiyo vali za moyo zinazofunguka na kufungika. Miaka miwili baadaye Hirt, Amsden na Cook walieleza namna ya kuuacha wavu wa hesabu usogee pamoja na gimba. Vipande vya kazi vilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuviunganisha: programu moja ihesabu maji, ya pili ihesabu gimba, na zipeane habari.

Njia rahisi ya kuziunganisha ni kwa zamu. Programu ya maji husema kani iliyopo juu ya gimba, programu ya gimba hulisogeza gimba kwa kani hiyo, maji huhesabiwa upya kufuata mahali papya, na zamu huendelea. Wataalamu wa mabawa ya ndege waliitumia njia hii kwa mafanikio makubwa katika miaka ya 1990. Inapoyumba katika mazingira ya hewa inayobanika, hatua ya muda hupunguzwa na mambo hutulia. Ushauri wa kupunguza hatua una asili yenye heshima zaidi ya hapo: Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba hesabu ya mawimbi huvunjika ikiwa hatua ya muda ni ndefu kuliko muda ambao wimbi huchukua kupita tundu moja la wavu. Vizazi vya wahandisi vimelelewa na sharti hilo, hata likawa jibu la kwanza kwa kila hesabu inayokwenda mrama.

Kisha mbinu ikahama kutoka angani kwenda majini, na kutoka majini kuingia katika mishipa ya damu. Huko ndiko ilikovunjika. Waliotaka kuiga msukumo wa damu ndani ya mshipa walikuta kwamba ukuta wa mshipa una masi inayokaribiana na ya damu yenyewe, na kwamba programu mbili zinazopeana zamu hupigana badala ya kusikilizana. Mwaka 2005 Paola Causin, Jean-Frédéric Gerbeau na Fabio Nobile walichapisha uchambuzi ulioonyesha chanzo: ni masi ya nyongeza. Walionyesha pia kwamba, maji yakichukuliwa kuwa hayabaniki, kupunguza hatua ya muda hakuondoi tatizo. Mwaka 2007 Förster, Wall na Ramm walionyesha kwamba kupunguza hatua kunaweza hata kuharakisha maangamizi. Harald van Brummelen alikamilisha picha mwaka 2009 kwa kulinganisha hali mbili. Katika hewa inayobanika, habari ya msukumo husafiri kwa kasi ya sauti, hivyo katika hatua fupi gimba hugusana na hewa kidogo tu, na nyongeza hupungua pamoja na hatua. Katika maji yasiyobanika habari hufika kila mahali papo hapo. Hatua iwe fupi namna gani, maji yote yamekwisha kuguswa, na nyongeza ni ileile.

Ushauri wa kupunguza hatua ulikuwa sahihi kabisa mahali ulipozaliwa. Ulihamishwa bila masharti yake.

Hesabu ya boya moja

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue boya la duara lenye densiti ambayo ni robo ya densiti ya maji, tuliache chini ya maji tulivu, tukiupuuza mnato. Masi ya maji ambayo boya limeyaondoa tuiite moja. Masi ya boya basi ni robo, na masi ya nyongeza, kwa kanuni ya Poisson na Green, ni nusu. Maji hulisukuma boya juu kwa uzito wa moja, boya lenyewe linavuta chini kwa uzito wa robo. Zimebaki robo tatu. Inesha ya kusogezwa ni robo na nusu, ambayo pia ni robo tatu. Boya litapanda kwa mchapuko ulio sawa kabisa na ule wa jiwe linaloanguka hewani, mita 9.8 kwa sekunde mraba. Tuuite mchapuko huo mmoja.

Sasa tuzipe programu mbili zamu. Programu ya gimba haijui habari ya nyongeza. Hugawa robo tatu kwa robo, ikapata 3. Programu ya maji huona gimba likichapuka kwa 3, ikajibu kwa kani ya kukinza ya nusu ya 3. Programu ya gimba hutoa kani hiyo, hugawa tena kwa robo, ikapata hasi 3. Zamu inayofuata hutoa 9, kisha hasi 15, kisha 33, kisha hasi 63. Jibu sahihi ni 1, na kosa linaongezeka maradufu kila zamu huku likibadili upande. Hatua ya muda haikutajwa popote katika hesabu hii, ndiyo maana kuipunguza hakukusaidia kitu.

Uwiano wa nyongeza kwa masi ya gimba ndio unaoamua. Boya hili lina nusu juu ya robo, yaani 2, na kosa huzidishwa kwa 2. Mpira wenye densiti ya maji una uwiano wa nusu. Kosa hupungua kwa nusu kila zamu na hesabu hutulia yenyewe. Mpira wenye nusu ya densiti ya maji una uwiano wa 1, na hubembea bila kukua wala kutulia. Kiputo cha hewa kina uwiano unaozidi 400. Mbinu nyingine zina vizingiti vingine. Ile ya Markus Uhlmann ya mwaka 2005, iliyotumika sana kwa chembe zinazozama, ilihitaji densiti ya chembe izidi ya maji kwa mara 1.2 hivi, Kempe na Fröhlich waliishusha hadi 0.3 mwaka 2012.

Tiba yake inashangaza kwa wepesi. Badala ya kulikubali jibu jipya zima, programu ichukue theluthi yake na theluthi mbili za jibu la zamani. Theluthi ya 3 ni 1, na theluthi mbili za sifuri ni sifuri: jibu sahihi katika zamu ya kwanza. Theluthi hiyo haikutoka hewani. Ni moja juu ya moja na uwiano. Anayeifanya hesabu kwa makini ataona kwamba kulegeza kwa kiasi hicho ni sawa na kuongeza masi ya nyongeza pande zote mbili za mlinganyo wa gimba, yaani kuiambia programu ya gimba kile alichokiona Du Buat. Katika magimba yenye umbo gumu uwiano haujulikani mapema, na hapo hutumika njia ya kuukisia kutokana na makosa mawili ya mwisho. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Alexander Aitken, mwanahisabati wa Edinburgh aliyeichapisha mwaka 1926 kwa madhumuni mengine kabisa. Ulrich Küttler na Wolfgang Wall waliithibitisha katika hesabu za namna hii mwaka 2008.

Si kila boya linalokwenda mrama lina ugonjwa huu. Mwigaji wa mwendo wa pande mbili husahau mara nyingi kwamba masi anayoiandika ni ya kina cha mita moja na si ya gimba zima. Mwingine huandika inesha ya mzunguko kwa kituo kisicho kituo cha masi. Programu nyingine huondoa kanieneo ya kina cha maji kabla ya kuhesabu, na mwigaji asiyejua hulinyima gimba msukumo wa kulielesha, akashangaa kwa nini mpira mwepesi unazama. Makosa hayo yana dalili zake, lakini hayana dalili hii: kubadili upande kila zamu, kukua kwa kiwango kilekile, na kutojali hatua ya muda. Kipimo cha haraka ni kuongeza masi ya gimba mara kumi kwa majaribio tu. Hesabu ikitulia ghafla, mtuhumiwa amepatikana.

Jina na masharti yake

Turejee katika lugha. Dhana hii ina majina mengi mno kwa umri wake. Wafaransa huiita masi iliyoongezwa. Warusi huiita masi iliyounganishwa. Wajerumani wana jina linalomaanisha masi ya kihaidrodinamiki. Waingereza wana zaidi ya moja, likiwamo linalotafsirika kuwa masi isiyo halisi. Kila jina limechukua upande mmoja wa jambo na kuuacha mwingine. La Kirusi linarudia picha ya Du Buat ya maji yaliyoshikamana. La mwisho kati ya ya Kiingereza linakiri kwamba hakuna donge, lakini linamfanya mwanafunzi adhani kwamba kani yenyewe si ya kweli, hali kani ni ya kweli kiasi cha kuivunja programu.

Nini kifanywe kwa Kiswahili? Hatuanzi jangwani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa na jukumu la usanifishaji, na mrithi wake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno ya msingi yapo: kani, kanieneo, mchapuko, densiti, inesha. Juu ya masi bado wapo wanaopendelea tungamo, na kwa maoni yangu mjadala huo umechukua muda mwingi kuliko unavyostahili, kwa kuwa maneno yote mawili yanaeleweka na hakuna kati ya hayo linalopotosha.

Linalopotosha ni jambo jingine. Orodha nyingi za istilahi katika ukanda wetu ni za safu mbili: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Mtindo huo humfaa mfasiri wa mikutano. Kwa sayansi, hubeba jina na kuliacha sharti, kama ushauri wa mabawa ulivyohamia majini bila sharti lake. Kwa mfano, anayetafsiri lile jina la masi isiyo halisi kwa mtindo wa siku hizi atafikia upesi masi pepe, akifuata njia ya barua pepe. Safu mbili zitampokea bila swali. Msomaji wa Kampala au Bujumbura atafikiri ni masi iliyo katika kompyuta tu, na hesabu yake ikivunjika atapata sababu nyingine ya kuilaumu kompyuta.

Pendekezo langu ni masi ya nyongeza. Silipendekezi kwa sababu ni zuri kuliko mengine, kwa maana nalo linaelekeza fikira kwenye donge. Nalipendekeza kwa sababu nyongeza kwa Kiswahili huita swali: nyongeza ya nini, juu ya nini, lini? Maelezo ya kamusi ndiyo yanayopasa kulijibu. Ingizo laweza kuandikwa hivi:

Masi ya nyongeza: kiasi cha inesha ambacho gimba lililozama huonekana kuwa nacho zaidi ya masi yake lenyewe, kwa sababu haliwezi kuchapuka bila kuyachapusha maji au hewa inayolizunguka. Hutokea pale tu kasi inapobadilika. Hutegemea umbo la gimba na mwelekeo wa mchapuko. Kwa mpira ulio mbali na kuta ni nusu ya masi ya maji yaliyoondolewa. Si maji yaliyoshikamana na gimba. Katika hesabu za zamu za maji yasiyobanika, ikizidi masi ya gimba huvunja hesabu, na kupunguza hatua ya muda hakuiponyi.

Sentensi ya mwisho itawashangaza wanakamusi, kwa kuwa kamusi hazina desturi ya kueleza matumizi hushindwaje. Naiona kuwa ndiyo sentensi ambayo mwanafunzi ataitafuta. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, yana uwezo wa kuamua kwamba hakuna istilahi ya sayansi itakayopitishwa kikanda bila maelezo ya namna hii, na kwamba maelezo hayo yaandikwe na mwanaisimu akiwa ameketi na mtu ambaye hesabu hizo zimewahi kumvunjikia. Gharama ya kazi hiyo ni muda wa wataalamu wawili kwa kila neno, na maneno yatakayopitishwa kwa mwaka yatakuwa machache kuliko tulivyozoea kutangaza.